Lulu na Imla: Historia ya Mji wa Broome

Wahenga walinena kuwa kizuri hakikosi ila. Methali hii twaifundisha madarasani mwaka hata mwaka, na aghalabu mifano tuwapayo wanafunzi ni ileile: waridi na miiba yake, asali na nyuki wake. Katika makala haya nakusudia kuleta mfano mwingine, nao ni wa mji mmoja mdogo ulio kando ya bahari katika nchi ya Australia. Mji huo ni Broome, na kila aufikaye huusifu kwa uzuri. Lakini ila yake ni ya namna ambayo sisi walimu wa lugha yatupasa kuijua zaidi ya watu wengine, kwa kuwa ndani yake mna kazi tuifanyayo wenyewe kila juma, yaani imla.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa Kiswahili ana nini na Australia? Jibu liko baharini. Mwaka 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwanajeshi mmoja aliyekuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya Australia, aliokota sarafu chache mchangani. Miaka mingi baadaye zilipochunguzwa, tano kati yake zilitambuliwa kuwa ni sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Wataalamu wangali wakibishana juu ya njia iliyozifikisha huko. Tena, wenyeji wa pwani hiyohiyo, Wayolngu, huita fedha kwa neno rrupiya, ambalo babu zao walilipata kwa mabaharia wa Makassar waliokuwa wakija kwao kuvua majongoo ya bahari. Mzee wa kwetu aliyeishi zama za rupia angalilielewa neno hilo bila mkalimani. Kumbe bahari iliyowafikishia Wayolngu neno lao ndiyo iliyotuletea sisi letu, nasi twaweza kuitazama pwani ya ng'ambo si kama wageni kabisa.

Mji na bahari yake

Broome uko kaskazini-magharibi ya Australia, zaidi ya kilomita 2,000 kwa njia ya gari kutoka Perth. Umejengwa juu ya rasi nyembamba. Upande wa mashariki iko Ghuba ya Roebuck, iliyopewa jina la merikebu ya Mwingereza William Dampier, aliyepita katika pwani zile mwaka 1699. Upande wa magharibi uko ufuko wa Cable Beach, wenye mchanga mweupe wa kilomita zipatazo 22, na nyuma yake ardhi nyekundu kama kutu. Mtu akisimama pale jioni na kulitazama jua likizama, huwa anatazama upande wetu. Lau angaliweza kwenda magharibi moja kwa moja bila kupinda, nchi kubwa ya kwanza ambayo angaliikuta ni Madagaska.

Jina la ufuko huo lina historia yake. Mwaka 1889 waya wa simu uliotandazwa chini ya bahari kutoka kisiwa cha Java ulifikishwa nchi kavu mahali pale, na tangu hapo pakaitwa ufuko wa waya. Ilikuwa miaka kumi baada ya Unguja nayo kuunganishwa na Aden kwa waya wa namna hiyo. Hivi leo ufuko huo huitwa pia kwa jina lake la asili, Walmanyjun.

Ajabu kubwa ya Broome ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji makuu na maji madogo hupita mita 9, nayo ni zaidi ya mara mbili ya ile tuionayo Mombasa au Unguja. Maji yakipwa, ghuba yote hugeuka kuwa uwanja wa matope. Na katika miezi ya Machi hadi Oktoba, mwezi mpevu unapochomoza juu ya matope hayo, nuru yake huangukia madimbwi yaliyobaki kwa mistari mistari, hata ikawa kama ngazi iliyoegemezwa mwezini. Watu hukusanyika ufukoni kuitazama ngazi hiyo, wakanyamaza.

Wenyeji wa mahali hapo ni Wayawuru. Wao hawagawi mwaka kwa majira manne ya vitabu vya Ulaya, bali kwa majira sita. Man-gala ni majira ya mvua na tufani; Barrgana ni majira ya baridi; na kila majira yana upepo wake, samaki wake na matunda yake. Mtu aliyezoea kusikia kusi na kaskazi, masika na vuli, hatashangaa. Watu wa bahari popote walipo huisoma kalenda yao angani na majini kabla ya kuisoma ukutani.

Chaza na jasho la watu

Utajiri wa Broome ulitoka katika chaza. Chaza wa pwani ile ndiye mkubwa kuliko chaza wote wa lulu duniani, na kombe lake hushinda sahani kwa mng'aro. Tangu kale wenyeji waliyachonga makombe hayo, wakayachora nakshi, na kuyapeleka kwa njia za biashara mpaka jangwani, mamia ya kilomita kutoka baharini. Wazungu walipokuja, walichokitafuta zaidi hakikuwa lulu yenyewe, ambayo ilipatikana kwa bahati tu. Walitafuta kombe, kwa sababu ndilo lililotengenezewa vifungo vya mashati na magauni huko London na New York. Watu wengi wa zamani, katika nchi nyingi, walifunga vifua vyao kwa makombe ya bahari ile bila kujua yalikotoka.

Wazamiaji wa kwanza walikuwa wenyeji. Wengine walikamatwa kwa nguvu barani, wakapelekwa pwani na kulazimishwa kuzamia uchi bila chombo chochote. Wanawake nao walizamishwa, hata wale wenye mimba, kwa kuwa matajiri walidhani kuwa pumzi ya mwanamke mjamzito ni ndefu zaidi. Uovu huo ulizidi hata serikali ya koloni ikalazimika, katika miaka ya 1870, kutunga sheria za kuwakataza matajiri wasiwatumie wanawake katika kazi ile.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1883, ukapewa jina la gavana wa wakati ule, Frederick Napier Broome. Muda si muda likaja vazi la kuzamia: nguo nzito ya turubai na mpira, kofia ya shaba yenye madirisha ya kioo, viatu vya risasi, na mpira mrefu ulioleta hewa kutoka pampu iliyozungushwa kwa mikono na mabaharia walio juu. Kwa vazi hilo mtu aliweza kushuka mbali zaidi, akatembea chini ya bahari na kuokota chaza kwa saa nyingi. Wakaja Wajapani, ambao ndio waliosifika kwa uzamiaji. Wakaja Wamalei, Wafilipino, Wachina na watu wa Timor. Kufika mwaka 1910 majahazi yaliyotafuta makombe katika pwani ile yalikaribia 400, na watu wake walikuwa wapatao 3,500. Sehemu kubwa ya makombe yote yaliyouzwa duniani ilitoka hapo.

Kazi ilifuata mwezi. Wakati wa bamvua mkondo ulikuwa mkali na maji yalichafuka, asiweze mzamiaji kuona hata mkono wake. Hivyo alizamia zaidi wakati wa maji mafu. Majira ya tufani yalipowadia, majahazi yalipandishwa mikokoni na mabaharia wakakaa mjini kungoja. Lakini tufani nyingine hazikungoja majira. Mwaka 1887, na tena mwaka 1935, watu wapatao 140 waliangamia kila mara.

Hata pasipo tufani kifo hakikuwa mbali. Hewa anayoivuta mzamiaji kilindini hushindiliwa na uzito wa maji, na sehemu yake iitwayo naitrojeni huingia katika damu na mnofu. Akipanda polepole, hutoka kidogo kidogo kwa pumzi. Akipanda upesi, hufanya mapovu ndani ya mwili, kama soda inayofurika chupa ifunguliwapo kwa ghafla. Mapovu hayo huziba njia za damu na kudhuru uti wa mgongo. Mtu akapooza, au akafa. Katika mwaka 1914 peke yake, watu 33 walikufa kwa ugonjwa huo. Twasema mchumia juani hulia kivulini. Hawa walichumia gizani, na waliokula kivulini walikuwa wengine.

Imla ya maneno hamsini

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu. Mwaka 1901 makoloni ya Australia yaliungana kuwa dola moja, na miongoni mwa sheria za kwanza za bunge jipya ilikuwa Sheria ya Kuzuia Uhamiaji. Shabaha yake ilikuwa kuifanya Australia nchi ya watu weupe. Lakini watunga sheria hawakutaka kuandika waziwazi kwamba mtu mweusi au wa Asia haruhusiwi kuingia. Wakatafuta hila, wakaipata katika imla. Mgeni alipofika bandarini, ofisa aliweza kumsomea kifungu cha maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya ambayo ofisa mwenyewe aliichagua, na mgeni akaambiwa ayaandike. Akikosea, amekataliwa. Mhindi ajuaye Kiingereza barabara aliweza kusomewa Kijerumani; na ajuaye Kijerumani, Kiswidi.

Hila hiyo haikubuniwa Australia. Kielelezo chake kilikuwa sheria ya Natal, huko Afrika ya Kusini, iliyotungwa mwaka 1897 ili kuwazuia Wahindi kwa kuwadai waandike kwa lugha ya Ulaya. Basi bahari iliyoeneza neno rupia ilieneza pia hila hii, kutoka pwani ya Afrika hadi ya pili.

Tarakimu zatosha kueleza yaliyofuata. Katika mwaka 1902 na 1903 watu 805 walipewa imla hiyo, wakafaulu 46. Kati ya mwaka 1904 na 1909 walipewa 554, wakafaulu sita tu. Baada ya mwaka 1909 hakufaulu hata mmoja, mpaka mtihani huo ulipofutwa mwaka 1958. Mwalimu yeyote akiona matokeo kama hayo atajua kuwa ubovu hauko kwa wanafunzi. Mwaka 1934 alifika mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague, mpinzani wa Hitler, ambaye serikali haikumtaka. Kwa kuwa alijua lugha nyingi za Ulaya, walimsomea imla kwa Kigaeli cha Uskoti! Alishindwa, lakini Mahakama Kuu ikaamua kwamba Kigaeli hakihesabiwi kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Watu wakacheka, na serikali ikaaibika.

Broome je? Hapo ndipo sheria ilipokutana na vifungo vya mashati. Kama imla ingaliwafuata wazamiaji wa Asia, majahazi yangalisimama na matajiri wangalifilisika. Kwa hiyo wazamiaji na mabaharia waliruhusiwa kuingia kwa kibali maalumu, bila imla, kwa mkataba wa miaka michache, na kwa dhamana kwamba tajiri atawarudisha makwao kazi iishapo. Mwaka 1912 serikali ilipotaka kuukomesha mtindo huo, kundi dogo la wazamiaji wa Kiingereza, waliopata mafunzo ya jeshi la majini, lililetwa Broome kuonyesha kuwa mtu mweupe aweza kazi ile. Haukupita muda mrefu jaribio likashindwa, na Wajapani wakaendelea kushuka. Sheria iliyotangazwa kuwa ni ya damu na taifa ilijikunja ilipoona faida. Aliyeonekana hafai kuwa raia alionekana kuwa anafaa kabisa kufa kilindini.

Lugha ya chomboni

Katika jahazi moja waliweza kuwamo Wajapani, Wamalei, mtu wa Timor, Mfilipino na mwenyeji wa pwani. Pampu ya hewa haingoji mkalimani. Asiyeelewa amri ya kuzungusha au kuvuta kamba huua mtu. Hivyo ikazaliwa lugha ya chomboni. Mhimili wake ulikuwa Kimalei, ambacho tangu zamani kilikuwa lugha ya bandari katika visiwa vya mashariki; juu yake yakaongezwa maneno ya Kijapani, ya Kiingereza na ya lugha za wenyeji. Mwanaisimu wa Kijapani, Komei Hosokawa, aliandika habari zake mwaka 1987.

Hapana aliyeifundisha lugha hiyo kwa kitabu, wala hapana aliyeshindwa mtihani wake. Mtihani ulikuwa mmoja tu: mwenzako kapanda hai au la. Lakini lugha hiyo haikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote, na haikupata kuwa hivyo. Jambo hili halifanani na historia ya Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu yenye wenyewe, yenye nyumba, nyimbo za kubembelezea watoto na utenzi, kabla hakijawa lugha ya misafara na masoko. Lugha ya chomboni haikuwa na nyumba, na naamini kuwa sheria ndiyo iliyoinyima. Wazamiaji waliingia peke yao, kwa mkataba, wakitakiwa warudi. Tena, tangu sheria ya mwaka 1905 ya Australia ya Magharibi, mwanamke mwenyeji hakuweza kuolewa na mtu asiye mwenyeji bila ruhusa ya ofisa aliyeitwa Mlinzi Mkuu, na ofisa huyohuyo ndiye aliyekuwa mlezi wa watoto wenyeji mbele ya sheria. Watoto wengi waliondolewa kwa mama zao, wakapelekwa katika misheni. Katika misheni moja ya karibu, Beagle Bay, liko kanisa lililokamilishwa mwaka 1918, ambalo madhabahu yake imepambwa kwa makombe ya chaza yanayong'aa. Mgeni husimama mbele yake akastaajabia uzuri, na ni haki yake. Lakini heri ajue pia habari za watoto waliolelewa hapo.

Hata sinema mjini iligawiwa. Sinema ya wazi iitwayo Sun Pictures, iliyofunguliwa mwaka 1916, iliwaweka Wazungu katikati kwenye viti vizuri, na watu wa Asia na wenyeji mahali pao pengine. Bahari peke yake haikuitambua mipaka hiyo. Mpaka ukuta wa kuzuia maji ulipojengwa mwaka 1974, bamvua ilipojaa usiku maji yaliingia ukumbini, na watazamaji wakainua miguu huku picha ikiendelea.

Makaburi na ndege

Mgeni atakayetaka kuujua mji huu asiishie ufukoni, bali afike kwenye makaburi ya Wajapani. Yapo makaburi 707, na waliozikwa humo ni watu 919. Mawe mengi yamechukuliwa pwani hapohapo, yakachongwa kwa herufi za Kijapani. Wengi wa waliolala humo walitoka mkoa mmoja wa Japani, Wakayama. Walikuwa vijana. Twasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ilikuwa na daftari zuri, tani kwa tani na pauni kwa pauni, bali watu ndio walioandikwa kwa mawe ya ufukoni.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika Bahari ya Pasifiki, Desemba 1941, Wajapani wa Broome walikamatwa na kufungwa kambini, hata wale waliozeeka katika mji ule. Miezi mitatu baadaye, tarehe 3 Machi 1942, ndege tisa za kivita za Japani zilitokea juu ya Ghuba ya Roebuck. Majini zilikuwa zimetia nanga ndege kubwa zitulizo juu ya maji, jamaa ya zile zilizokuwa zikituama Port Bell, Kisumu na Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1930. Zilikuwa zimejaa wakimbizi wa Kiholanzi kutoka Java, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wakingoja kuendelea na safari. Kwa muda mfupi ndege zaidi ya 20 ziliteketezwa majini na uwanjani, na watu wasiopungua 88 wakafa. Mpaka leo, maji yakipwa sana, mabaki ya ndege hizo huonekana matopeni, na wageni hutembea kwa miguu kwenda kuyatazama. Ghuba ya ngazi ya mwezi ndiyo hiyohiyo ghuba ya mabaki hayo. Mtu hawezi kulitazama moja akalikwepa la pili.

Baada ya vita vifungo vya plastiki viliua soko la makombe. Mwaka 1956 lilianzishwa shamba la kwanza la kufuga chaza wa lulu, mahali palipoitwa Kuri Bay, kaskazini ya Broome, kwa ushirikiano na Wajapani. Na lulu za kufugwa zikawa utajiri mpya. Wageni wa matembezi nao wakaongezeka. Mji ambao zamani ulionewa haya kwa mchanganyiko wa watu wake ukaanza kujivunia mchanganyiko huo, na tangu mwaka 1970 hufanyika humo sikukuu ya lulu yenye jina la Kijapani, Shinju Matsuri. Mwaka 2006 mahakama iliwatambua Wayawuru kuwa wenye haki ya asili juu ya ardhi yao. Na mwaka 2010 ilisimamishwa sanamu kando ya ghuba: mwanamke mwenyeji mwenye mimba akiibuka majini, ameinua kombe la chaza. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kumpandisha juu.

Somo kwetu

Nirudi kwenye imla, kisha nifunge kalamu. Nilipokuwa mwalimu mpya nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekulia kwenye mwalo wa wavuvi. Kiswahili alikijua kwa kusemea kuliko darasa zima. Aliweza kupatana bei, kutania, na kusuluhisha ugomvi. Lakini kalamu yake iliandika l palipo r, na h ilimpotea kila mara. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake nikasoma makosa yake ya imla kwa sauti, moja baada ya moja, nikidhani kuwa naitetea lugha sanifu. Darasa lilicheka. Muhula uliobaki hakufungua kinywa chake tena mbele yangu. Nilimpata mwenye kuandika vema kidogo, nikampoteza mwenye kusema.

Wengi wetu twafundisha Kiswahili katika nchi ambamo watoto hawakukipokea kwa mama zao, bali sokoni, mwaloni, kituo cha mabasi, na wengine kambini. Kiswahili chao ni ndugu wa mbali wa ile lugha ya chomboni: kimezaliwa katika kazi na haja ya kuelewana. Kazi yetu ni kukipatia nyumba, kwa hadithi, kwa ushairi, na ndiyo, kwa imla pia. Siwaambii walimu waiache imla. Ni mazoezi mazuri ya sikio na mkono. Nasema tu kwamba maneno hamsini yaliyo sawa herufi kwa herufi yaweza kuwa daraja, na yaweza kuwa ua, na tofauti haimo katika maneno, bali katika nia ya asomaye.

Mwana wa Broome, Jimmy Chi, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2017, alikuwa na damu ya Kichina, ya Kijapani, ya Kiskoti na ya wenyeji Wabardi. Yeye na wanamuziki wenzake walitunga tamthilia ya nyimbo juu ya mji wao, ikachezwa mwaka 1990 na kupendwa nchi nzima, kisha ikafanywa filamu. Jina lake ni Bran Nue Dae, yaani siku mpya kabisa, nalo limeandikwa kama watu wa Broome wanavyolitamka na si kama kamusi ya Kiingereza itakavyo. Katika maneno hayo matatu hamna hata moja ambalo ofisa wa bandarini angalilisahihisha kuwa ni sawa.